Hawajagusa Mchanga

Buzebazeba, Ujiji
12 Januari 2026

Dada Marcelina,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye vichanja vyako vya kuanikia, toka juani, tafuta kivuli, ndipo uendelee kusoma.

Tumeipata kazi. Ile kampuni ya maduka ya Dodoma, yenye duka moja na hapa Kigoma mjini, ile tuliyoipelekea pakiti kumi za kuonja ukasema tumetupa dagaa wetu bure, imejibu. Wanataka pakiti elfu sita kwa kuanzia. Elfu sita, Marcelina. Sisi ambao Desemba tuliuza mia mbili tukatembea mjini tumeinua mabega.

Nimekupigia simu tangu juzi, najibiwa kwa Kirundi. Mtandao wa huko Kagunga ukiamua kuwa wa Burundi, basi ni wa Burundi, hakuna wa kuubembeleza. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea Bariki, nahodha wa boti, pamoja na magunia matupu. Nijibu kwa mkono wake huyohuyo.

Mimi nimeshaanza. Nimevunja ukuta kati ya sebule na chumba cha baba ili tupate mahali pa kufungashia. Baba sasa analala ukumbini nyuma ya pazia. Amesema kama biashara hii ni ya kweli atavumilia, na kama ni mchezo nitaujenga ukuta wake kwa mikono yangu mwenyewe. Hasna na Wema wanakuja kila asubuhi kunisaidia kufungasha.

Pakiti mpya nimechapisha elfu nane, nzuri, zina zipu. Mbele kuna picha yako umesimama kwenye kichanja unacheka, ile niliyokupiga mwaka jana. Chini yake nimeandika: "Dagaa wa Kagunga. Wamekaushwa juu ya vichanja. Hawajagusa mchanga." Yule ofisa wao wa manunuzi wa hapa Kigoma, Wilfred, nilipomwonyesha mfano wake, amesema ni sura yako na maneno hayo yaliyowavuta. Dagaa kila mtu anao. Wasio na mchanga ndio hawapatikani.

Sasa nataka kwako gunia thelathini. Niambie lini. Tarehe ya kwenye mkataba nimeiacha wazi mpaka nipate neno lako kwa maandishi, maana Wilfred anataka kuona barua ya mtu anayekausha, si maneno yangu mimi.

Na usinijibu "tutaona". Nakujua.

Nasma Gharib


Kagunga
19 Januari 2026

Nasma,

Salamu kwako na kwa Mzee Gharib, mwambie shikamoo yake nimeituma. Huku tu wazima. Mvua ilitunyeshea siku mbili mfululizo, tukaanua na kuanika upya mara nne kwa siku, mgongo unaniuma, lakini hilo si lako.

Nimefurahi. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea mume wangu. Alphonce akaniuliza gunia thelathini zitatoka vipi kwenye vichanja tisa. Nikamwambia vitakuwa thelathini. Hakubisha, akachukua panga akaenda kutafuta miti.

Katika giza hili la sasa mzigo wako siuwezi. Vichanja tisa vinanipa gunia tisa, na hizo zina wenyewe tangu kabla ya mwaka mpya. Dagaa wengine wote wa kijiji wanamwagwa mchangani kama siku zote, na hao siwagusi. Kwa hiyo nitafanya hivi. Mitumbwi ikipumzika, sisi tunajenga. Nimezungumza na akina mama kumi na wanne wanaoanika mchangani ili waache, wapande juu pamoja nami. Haikuwa kazi rahisi. Yunisi, mkubwa wao, alisema anaanika mchangani tangu hajaolewa na hajasikia mtu kafa. Nikamwomba alete kilo moja ya dagaa wake, nikamwachia chekecheke achekeche mwenyewe. Alitazama kilichobaki chini, akajifuta mikono, akauliza kichanja chake kitakuwa wapi.

Mwezi ukiisha, nakuletea gunia zako thelathini. Hilo ni neno langu. Mwonyeshe huyo Wilfred.

La pili ni picha. Hukuniuliza. Nacheka pale kwa sababu ulikuwa umeteleza ukakaa majini na nguo zako za mjini, na sasa watu nisiowajua wataniweka jikoni kwao nimefungua mdomo hivyo. Nimekasirika, Nasma. Si sana, lakini nimekasirika.

Marcelina, Mama Bonifasi


Buzebazeba
23 Januari 2026

Dada Marcelina,

Barua yako imefika, Wilfred ameiona, mkataba nimesaini. Aliniuliza nina uhakika gani na mtu aliye mbali hivyo bila simu. Nikamwekea kidole kwenye mstari wako: mwezi ukiisha. Akasoma, akaridhika, akaandika tarehe yake.

Ya picha nisamehe, lakini pakiti zimeshachapwa na siwezi kukufunga mdomo sasa. Watu wanaiangalia wanasema huyu mama hawezi kutudanganya. Wewe unaona aibu, mimi naona ndiyo mali yetu yote.

Jenga vichanja. Mimi huku nanunua maboksi.

Nasma


Buzebazeba
1 Februari 2026

Marcelina,

Jana Jumamosi nilishinda Kibirizi, boti zinapotia nanga, tangu asubuhi. Boti ya Bariki ikafika saa kumi. Wakashusha mawese, wakashusha mikeka, wakashusha mbuzi wawili na mama mmoja mwenye mtoto. Dagaa hakuna. Nikamuuliza Bariki mzigo wa Marcelina uko wapi, akaniambia hujampa kitu, na kwamba alikuacha umekaa na wenzako mnapigilia misumari.

Mnapigilia misumari. Mwezi umeisha, mimi nimesimama ufukweni na mkokoteni wa kukodi, nyinyi bado mnapigilia misumari.

Lori la kampuni linaondoka Kigoma tarehe tano. Tusipopakia, kazi inakwenda kwa mwingine na hatuitwi tena, hivyo ndivyo mkataba unavyosema na hivyo ndivyo nilivyosaini kwa kukuamini wewe. Kama ulijua huwezi, ungesema huwezi. Ningekasirika siku moja yakaisha. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba ni neno lako, na neno lako umelila.

Baba anakohoa ukumbini kwenye upepo. Kila akikohoa nahisi ananikohoa mimi.

Nijibu leo hii hii.

Nasma


Buzebazeba
3 Februari 2026

Marcelina,

Simu Kirundi. Boti haijarudi. Barua hakuna. Hasna ananiuliza afanye nini na mikono yake.

Sitakubembeleza. Kesho nitajua la kufanya, na usije kuniuliza.

N. Gharib


Kagunga
4 Februari 2026

Nasma,

Barua yako ya tarehe moja niliisomea palepale boti inaposhusha, na nilipomaliza Bariki aliniuliza nani kafa.

Umeniita mwongo. Sasa nakuomba ukitoka kuoga jioni usimame uani kwa baba yako, utazame juu, kisha uniambie kama mwezi umeisha. Juzi ulikuwa mzima kama sinia. Nani huku anaingia ziwani na taa wakati mwezi unawaka hivyo? Dagaa wanaifuata taa penye giza. Mbalamwezi ikiwepo wanatawanyika ziwa zima, unaweza kuwasha taa mpaka betri ife, hawaji. Mitumbwi yote imevutwa nchi kavu. Wanaume wanashona nyavu na kutusumbua majumbani. Tarehe tisa, kumi, mwezi utakuwa unachelewa kutoka, wataingia. Tukipata siku tatu za jua, gunia zako ziko kwenye boti. Ndivyo nilivyokuandikia. Mwezi ukiisha.

Kumbe wewe ulikuwa unahesabu tarehe. Kalenda hata mimi ninayo, tulipewa kanisani, lakini haivui dagaa. Na niliandika wazi kwamba mitumbwi ikipumzika tutajenga. Ulifikiri imepumzika kwa sababu gani, uvivu?

Tumejenga ishirini na moja, Nasma. Wanawake kumi na watano, katika mvua. Yunisi amejigonga nyundo kidole gumba, kucha imekuwa nyeusi, na hajakosa siku. Unapoandika "mnapigilia misumari" kama vile tunacheza bao, ujue unamwandikia na yeye. Wengine wao hawajui kusoma na waliniomba niwasomee barua yako. Nikawaambia unawasalimu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesema uongo katika jambo hili.

Nenda kwa Wilfred umwambie ukweli kwamba tulipishana neno. Akikataa, amekataa. Hatukumwibia mtu.

Marcelina


Buzebazeba
8 Februari 2026

Dada Marcelina,

Sijui nianzie wapi. Nilipoisoma barua yako niliketi pale pale kwenye boksi. Kisha nikampelekea baba, nikamsomea ile sehemu ya mwezi. Amecheka mpaka machozi. Akasema, "Mvuvi akisema mwezi anatazama juu. Wewe umetazama ukutani." Babu yangu alivua ziwa hili miaka arobaini, na mimi nimekaa madukani mpaka nimesahau mwezi ni kitu gani. Baba akakumbuka bibi yangu alivyokuwa akingoja giza liingie ndipo aahidi kitu kwa mtu. Nimeona aibu ambayo siwezi kukueleza.

Maneno niliyokuandikia yarudishe, nimeyachukua. Wasalimu wenzako kweli safari hii, na Yunisi mpe pole ya kidole.

Kuhusu Wilfred usiwe na wasiwasi. Nimeongea naye, wamekubali kutusubiri. Kwa hiyo msiue migongo yenu. Leteni taratibu, wakiwa wamekauka vizuri.

Mikono yangu imechoka, barua naifupisha.

Nduguyo,
Nasma


Kagunga
20 Februari 2026

Nasma Gharib,

Mwalimu Nehemia wa shule ya hapa alikwenda mjini kufuata mshahara. Jana amerudi na zawadi yangu, ameifunga kwenye gazeti. Ameinunua dukani Kigoma, lile la kampuni yetu. Alinikabidhi mbele ya watu kwa mikono miwili, akasema, "Mama Bonifasi, umekuwa mtu mkubwa, nimekukuta umepangwa kwenye rafu."

Ni pakiti yetu. Sura yangu hiyo. Na mimi nilikuwa sijakupelekea hata dagaa mmoja.

Kwanza sikuelewa. Nilidhani ni dagaa wetu wa zamani waliobaki kwako. Akina mama wakafurahi, wakasema tuipike tuonje dagaa wetu wa dukani wakoje. Tukakaanga na nyanya. Yunisi ndiye aliyeanza. Alitafuna, akaacha kutafuna, akaniangalia. Akatema kiganjani, akasogeza kwa kidole kile chenye kucha nyeusi, akasema, "Huu mchanga naujua. Nimeula miaka yote."

Nikaichukua ile pakiti nikasoma maneno yako chini ya meno yangu. Hawajagusa mchanga.

Sasa hivi nikipita kwenye boti wananiita Mama Mchanga. Wanaume waliowakataza wake zao wasije kwangu wanasema waliona mapema. Mmoja ameniuliza kama vichanja ni vya kupigia picha. Wawili kati ya wale kumi na wanne hawakuja leo.

Uliniandikia kwamba wamekubali kusubiri. Hawakusubiri. Ulinunua dagaa wa mchangani, ukawatia ndani ya uso wangu, kisha ukakaa ukaniandikia nduguyo.

Gunia thelathini ziko ndani ya nyumba yangu, zimeshonwa tangu tarehe kumi na tano. Tumelala juu yake. Haziji. Na sura yangu uitoe kwenye pakiti zote popote zilipo.

Marcelina


Buzebazeba
23 Februari 2026

Marcelina,

Ni kweli. Nimefunga Ramadhani, sina nguvu ya kuzunguka, nakwambia kama ilivyokuwa.

Tarehe nne nilikwenda Kibirizi nikanunua kila gunia nililolikuta. Tukachekecha usiku kucha, mimi, Hasna, Wema na majirani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka vidole vikatoka damu. Nilijua mchanga haujaisha. Mchanga wa dagaa hauishi, unajificha tumboni na kwenye mashavu. Niliona na nikaziba pakiti. Kila pakiti iliyopita mkononi mwangu ulikuwa unanicheka.

Sasa na wewe nisikilize. Lori lilikuwa linaondoka. Nimevunja nyumba ya baba yangu mtu mzima. Miaka minne tumebeba ndoo kutoka duka hadi duka tukiambiwa tuache namba. Halafu mlango unafunguka mara moja, nawe, lori limeshaondoka, unaniambia mwezi. Ulitaka nisimame pale kizingitini nimweleze mtu wa Dodoma habari za mbalamwezi? Angenicheka. Ningekuwa yule mwanamke wa Kigoma aliyepewa kazi akaleta hadithi.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utakavyokuwa. Hivi ulivyo sasa.

Na hakuna aliyelalamika. Hata mmoja. Wilfred amenipigia, wameuza vizuri, wanataka elfu kumi na mbili kwa ajili ya Idi na Pasaka. Watu wanaosha dagaa wao wanapika, maisha yanaendelea. Unazuia gunia thelathini za dagaa safi, ndani ya nyumba yako, kwa sababu ya hasira, wakati tungeweza kuwa tumesahihisha kila kitu. Nani anayeumia hapo? Mimi naona ni wale akina mama zako.

Leta mzigo, Marcelina. Tukishasimama tutagombana tupendavyo.

Nasma


Kagunga
27 Februari 2026

Nasma,

Umeuliza nani anayeumia. Nimekaa na swali lako siku nzima, nitakujibu mara moja tu.

Mimi nimezaliwa mchangani pale. Mama yangu alianika dagaa mahali mbuzi wanapopita, watoto wanapopita, mitumbwi inapovutwa. Wanunuzi wa mjini walikuwa wakija wanachukua dagaa mkononi, wanampulizia mama mchanga usoni, wanamwambia, "Hawa wa kwenu tutawachukua kwa sababu tunawaonea huruma." Ulikuwepo mara moja, ulikuja na mjomba wako, ulikuwa msichana. Mama yangu alicheka, maana ndivyo mtu anavyofanya akihurumiwa na mwenye gunia. Mimi sikucheka. Kichanja cha kwanza nilikijenga mwaka aliokufa, kwa chandarua, na watu walisema nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo unaposema watu wanaosha wanapika maisha yanaendelea, ndivyo walivyomwambia mama yangu.

Lori lingeondoka, lingeondoka. Tungerudi kwenye mia mbili zetu na ningekuwa bado ni mtu ambaye akisema kitu, ni hicho. Ulikuwa na neno langu, ukaona halitoshi, ukachukua sura. Kama ulitaka kudanganya, ungedanganya kwa jina lako mwenyewe. Kwa nini haikuwa sura yako pale mbele, Nasma? Una sura nzuri kuliko mimi, una meno yaliyopangika. Ungeweza kusimama hapo ukacheka, na chini yake hawajagusa mchanga. Sidhani kama mkono wako ungeziba hata pakiti moja.

Nimewasomea akina mama barua yako, yote, sikuficha neno. Yunisi akasema sisi tuliahidi mwezi ukiisha, na mwezi uliisha, na gunia zimeshonwa, kwa hiyo ziende. Alisema hataki kuwa kama wewe. Basi ziko kwenye boti hii, thelathini, fungua yoyote, chekecha hata kwa kitambaa cha hariri.

Zifungashe kwa chochote unachotaka. Usizitie ndani yangu. Weka sura yako.

Marcelina


Buzebazeba
6 Machi 2026

Dada Marcelina,

Gunia zote zimefika. Nilifungua moja, nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikautoa bila chembe ya mchanga. Hasna alilia. Mimi sikulia, nilikasirika, na sikuwa nimekukasirikia wewe.

Siku ya pili nilikwenda kwa Wilfred. Nilimwambia zile elfu sita ni za mchangani, wewe huzijui, na maneno ya kwenye pakiti ni uongo wangu. Alicheka. Aliniambia anajua. Ameonja tangu siku ya kwanza.

"Mchanga ni mchanga tu, mama," akasema. "Wateja wanapenda picha."

Marcelina, miezi miwili nilikuwa namwogopa mtu huyu. Nimevunja ukuta kwa ajili yake, nimekudanganya wewe kwa ajili yake, na alikuwa anatafuna mchanga wetu mezani kwake na hana neno. Tungemletea dagaa safi au wachafu, kwake ilikuwa kitu kimoja. Nilimwambia nataka kuandika barua kwa wakubwa wake na kuzitoa pakiti madukani. Akaacha kucheka. Akasema nikiandika barua hiyo, kazi imekwisha, na asinione tena ofisini.

Niliiandikia pale pale kwenye meza yake, kwa kalamu yake.

Kazi imekwisha. Elfu kumi na mbili hazipo. Dodoma sijui wamefanya nini, hawajanijibu. Duka la hapa mjini wameniruhusu kuchukua zilizobaki kwenye rafu, pakiti mia tatu na kumi. Nimezifungua zote, dagaa nimewapa wafuga kuku wa Bangwe, na nikawaambia kuna mchanga. Msimamizi wa duka hilo, mama mmoja mpole, amesema nikimletea walio safi kweli atachukua mia mbili kwa mwezi, na atachekecha yeye mwenyewe kabla ya kupokea. Nimemwambia achekeche.

Baba nilimweleza yote baada ya futari. Akaniuliza kama Marcelina amesema atarudi kwenye biashara. Nikamwambia hujasema. Akasema basi ukuta usijengwe kwanza.

Ulinishinda kwa lile swali la sura. Nilikwenda kupiga picha. Nimetoka kama mtu aliyezuiliwa mpakani, lakini ndiyo itakayokuwepo. Zile pakiti zako zimebaki elfu mbili tupu, hazijatiwa kitu. Ijumaa ijayo nitazichoma hapa uani, ili usiwepo tena mahali usipopataka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hasira zetu zinapanda boti, zikifika mwenye nazo ameshazihama. Nilikuita mwongo nikiwa mimi ndiye, na nilikuita mvivu nimekaa kwenye kiti. Nakupa haki yako yote.

Nasma


Kagunga
9 Machi 2026

Nasma,

Nakuja na boti ya Alhamisi, mimi na Yunisi. Mwambie Mzee Gharib tutalala chini, asihangaike.

Usije Kibirizi na maneno matamu. Bado nimekasirika, na mengi niliyonayo sikuyaandika kwa sababu karatasi ilikuwa ndogo. Utayasikia yote, na Yunisi ana yake.

Lakini hizo pakiti usizichome. Sura ni yangu. Nakuja kuzijaza mwenyewe.

Marcelina